Ng'ombe Elfu Moja na Tisa

Jumatatu, 3 Februari 2025

Balaa! Manyanda kapiga simu saa moja asubuhi, chai ikiwa bado mdomoni. Baba kaamua kugawa ng'ombe. Wote! Jumamosi ya tarehe 15, mbele ya wazee, pale nyumbani Kabungu. Manyanda ni kaka yangu mkubwa na hajawahi kutania tangu azaliwe. Nimemwambia mtandao unakatakata, nikakata.

Niandike kwa utaratibu, maana kichwa kinazunguka. Mimi Masunga, mwana wa kati wa mzee Machibya, ndiye Katibu wa Mifugo wa ukoo. Cheo nilijipa mwenyewe lakini hakuna aliyekipinga. Nakaa mjini Mpanda, Kawajense, chumba cha pili kwa Mama Verdiana. Kazi zangu: kutunza daftari kubwa la mifugo, kufuatilia chanjo kwa bwana mifugo, kunywa chai. Kila mwezi naenda Kabungu, nakula nyama, naandika idadi, narudi mjini. Mwaka wa sita huu. Sijawahi kukamua.

Ng'ombe wakigawanywa, Katibu wa nini tena? Kila mtu atatunza wake. Nitapewa fungu langu na fimbo, nihamie Kabungu kuchunga. Mimi! Ng'ombe wenyewe hawanipendi. Na chumba cha tatu kwa Mama Verdiana anakaa Mwalimu Joséline, anayefundisha hisabati sekondari. Mwaka mzima nimemsalimia vizuri. Nimembebea ndoo mara nne. Limebaki kulisema neno lenyewe tu. Nikiondoka, Gaspar atahamia kwenye kibaraza chetu. Gaspar ndiye bwana mifugo. Ana pikipiki, ana simu kubwa, ana meno mazuri. Haiwezekani!

Tumaini ni moja. Baba ana sharti lake: sawasawa au basi. Babu aligawa ng'ombe kule Maswa mwaka 1974, akampa mwanawe mmoja ng'ombe mmoja zaidi, na mpaka leo baba na ndugu yake huyo hawasalimiani. Hata kwenye misiba wanakaa pande mbili za turubai. Baba ameapa kwamba kwake hilo halitokei. Asizidi hata mmoja, la sivyo ng'ombe wanabaki pamoja. Basi natafuta kitu cha kuzuia usawa. Sijakijua bado. Nitakijua kesho.

Idadi leo: 1,003.


Jumanne, 4 Februari

NIMEKIJUA!

Joséline alikuwa kibarazani anachambua maharage. Nikamuuliza kwa ujanja, kama mtu anayeulizia mvua, kama kuna namba isiyogawanyika sawa. Akasema ziko tele, zinaitwa namba tasa. Hugawanyika kwa moja na kwa zenyewe tu. Akatenga maharage saba, akaniambia niyapange mistari inayolingana. Mistari miwili, moja likabaki. Mitatu, moja likabaki. Minne, ndiyo ovyo kabisa. Nikahangaika mpaka uji wangu ukaota ngozi. Saba haipangiki! Ama mstari mmoja mrefu, ama uache.

Niliruka. Mama Verdiana akauliza kama nimeng'atwa na nge. Fikiria: kundi la ng'ombe lenye idadi tasa! Baba anapanga mafungu mawili, hayalingani. Matatu, hayalingani. Sawasawa hakuna, kwa hiyo basi! Ng'ombe wanabaki pamoja, Katibu anabaki mjini, ndoo zinaendelea kubebwa.

Nikamwambia Joséline kwamba mimi ninayo tayari: 1,003. Si shufwa, haina tano mwishoni, na ukiitazama tu unaona ina kiburi. Akaangalia juu kidogo, akasema ni kumi na saba mara hamsini na tisa. Hivyo tu! Hakushika hata kalamu. Nilipata kizunguzungu, nusu kwa huzuni, nusu kwa mapenzi. Akasema tasa iliyo nyuma yake ni 997 na inayofuata mbele ni 1,009.

Kupunguza sita au kuongeza sita? Kumwambia baba apunguze ng'ombe sita ni kutafuta laana. Tunaongeza. Mvua zipo, majani yapo, ng'ombe wanazaa. Wanatakiwa ndama sita tu kabla ya tarehe 15. Kazi ndogo.


Jumatano, 5 Februari

Kwenye jambo kubwa hivi simwamini mtu, hata Joséline. Nimenunua daftari jipya na kuanza kugawa 1,009 mwenyewe. Kwa mbili, inabaki 1. Tatu, 1. Nne, 1. Tano, 4. Sita, 1. Saba, 1. Nane, 1. Tisa, 1. Kumi, 9. Nilipanga kwenda mpaka 1,008, asije mtu akasema nimeruka. Kufika saa tisa alasiri nilikuwa kwenye 214. Kidole kimevimba. Sijala.

Joséline karudi kutoka shule, kaona daftari, kacheka mpaka akakaa chini. Kisha akanifundisha. Idadi ya mistari na urefu wa mstari huenda wawili wawili, mume na mke. Kama ng'ombe 1,009 wangepangika kwenye mistari mingi sana, basi kila mstari ungekuwa mfupi, na ufupi huo ningekuwa nimeshaujaribu mwanzoni. Mmoja wa hao wawili lazima awe chini ya 32, kwa sababu 32 mara 32 ni 1,024, imeshapita. Kwa hiyo ukifika 31 unaweka kalamu. Na huko chini unajaribu zile tasa tu: 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31. Mara kumi na moja! Mimi nimegawa mara mia mbili na kumi na tatu.

Nikarudia zote kumi na moja mbele yake. Kila moja ilibakiza. 1,009 ni tasa kweli! Machozi yalinilengalenga. Sikujua namba inaweza kumfanya mtu mzima hivyo.

Hapo hapo Gaspar akafika na pikipiki. Eti anapita tu. Anapita tu mara tatu kwa wiki. Akauliza tunafanya nini, akabonyeza 1,009 kwenye simu, simu ikasema tasa. Sekunde moja! Akatabasamu na yale meno. Lakini Joséline akasema simu inasema tu, haijui kwa nini, ila Masunga anajua. MASUNGA ANAJUA! Nimeandika kwa herufi kubwa ili nisisahau. Gaspar akawasha pikipiki bila sababu.

Kabla ya kuingia ndani Joséline akaniambia namba tasa hazina mwisho. Oktoba mwaka jana imetangazwa moja yenye tarakimu zaidi ya milioni arobaini na moja. Nikafikiri anasema ng'ombe milioni arobaini na moja. Kumbe tarakimu! Yangu ina tarakimu nne. Nimekaa kitandani nikijaribu kuliona zizi la namba ile, nimeshindwa, furaha tupu.


Ijumaa, 7 Februari

Nipo Kabungu. Nimetangaza Ukaguzi Maalumu wa Mimba. Kija, mdogo wangu, kacheka mbele ya watu. Aliuliza tangu lini naijua mimba ya ng'ombe. Nikamjibu ni suala la kitaalamu.

Nimekagua ng'ombe tisa wanaokaribia kuzaa. Wa kwanza kanipiga teke la paja. Wa pili kanikanyaga. Saba waliobaki nimewakagua kwa mbali, nikiwa juu ya uzio. Wote wana matumaini.

Idadi bado 1,003. Baba hataki ng'ombe wahesabiwe kwa mdomo, anasema ni kuwaonyesha njia ya kufa. Kila ng'ombe ana kokoto lake kwenye vibuyu vilivyotundikwa nyumbani kwa mayu, mama yetu. Ndama akizaliwa, kokoto linaingia. Ng'ombe akitoka, kokoto linatoka. Mimi huvichukua vibuyu nyuma ya nyumba, namwaga, nahesabu kimoyomoyo, naandika, narudisha. Baba anajua. Anajifanya hajui.

Habari mpya: dada yetu Nyanzala naye anataka fungu. Kasema mbele ya baba kwamba naye ni mtoto, na maziwa ya zizi lile kayakamua miaka ishirini. Baba kakubali! Sasa mafungu ni manne. Manyanda kanuna. Kija kanuna. Mimi nimempongeza Nyanzala kwa moyo wote mpaka akanitilia shaka. Nne, tano, mia, 1,009 haijali. Hii ndiyo raha ya tasa.

Mayu kaniita jikoni, kanipa michembe, vile viazi vikavu, na maziwa, kisha akaniuliza nitaoa lini. Nikasema mambo yanaiva. Akauliza mahari nitatoa wapi. Akasema ng'ombe wote ni wa baba, na mimi Katibu sina hata mkia mmoja wa kupeleka kwa wakwe. Wakigawanywa nitakuwa nao. Nimemwambia kwa heshima kwamba haelewi hisabati. Akaniongezea michembe.


Jumapili, 9 Februari

Watatu! Wawili jana, mmoja leo asubuhi! 1,006! Nimembusu ndama wa leo kwenye paji la uso. Mama yake akanifukuza mpaka kwenye shamba la mihogo.

Wanaotaka mafungu nao wanaongezeka. Baada ya Nyanzala kukubaliwa, mayu kasema yeye je. Mama mdogo, mke wa pili wa baba, kasema kama ni hivyo na yeye. Shangazi kapiga simu kutoka Kibaoni, alisikia kwa nani sijui. Saba. Mwisho baba mwenyewe kagutuka kwamba wote wanapata, yeye atabaki na fimbo tu. Nane! Manyanda anatembea uani akijisemea. Waje tu. Waje na majirani.


Jumatano, 12 Februari

1,008. Amebaki mmoja! Wawili wamezaliwa tangu jana, wote majike, wote wazima.

Lakini hatari! Nilimpigia Joséline kumpa habari, akasema 1,008 ni kinyume kabisa cha 1,009. Inagawanyika kwa 2, 3, 4, 6, 7, 8, 9, 12, 14, 16, na kuendelea. Vigawanyo thelathini! Namba haina msimamo hata kidogo, inamkubali kila anayekuja. Nane wakigawana leo, kila mtu anaondoka na wake akiimba. Sijawahi kuchukia namba kama hii. Nimekaa zizini mchana kutwa nikiwahimiza wanne waliobaki na mimba.


Alhamisi, 13 Februari

Mungu wangu! Wamezaa WAWILI! Kwa pamoja, mmoja kushoto kwa zizi, mwingine kulia, nisijue nimkimbilie yupi nimzuie. 1,010! Inaisha na sifuri! Mtoto wa chekechea anaigawa!

Nilifikiri haraka. Kuna ng'ombe mmoja mzee, hana meno ya kutosha, hazai tena. Nilimswaga taratibu, nikamfunga mbali, kwenye kichaka kilicho mpakani na shamba la Silvester. Silvester ni jirani yetu, mkulima, mtu wa kanisa, mpole sana. Mpango: akae huko mpaka Jumamosi jioni, nami nitoe kokoto lake kimyakimya.

Mpango wangu haukudumu hata saa moja. Saa kumi Silvester kafika uani na ng'ombe kwa kamba. Ng'ombe kala mahindi yake mistari mitano. Mwenyewe alikuwa anaomba radhi kwa kutusumbua, akasema akipata madebe mawili ya mahindi mambo yataisha. Nikasimama mbele ya baba nikasema hapana! Kosa ni letu, aibu ni yetu, tumlipe Silvester ng'ombe huyo huyo. Silvester akasema ni nyingi mno. Nikasisitiza. Akasema hana pa kumweka. Nikasema nitamjengea banda. Baba alinishangaa, kisha akaniita ng'wanone, mwanangu, akasema leo nimezungumza kama mtu mzima. Kokoto likatoka. Silvester kaondoka na ng'ombe, anageuka nyuma kila hatua tano.

1,009! Nimetozwa faini na sijawahi kuwa na furaha kama leo!


Ijumaa, 14 Februari

Idadi 1,009. Wamebaki wawili wenye mimba. Nimewazunguka siku nzima nikiwaomba kwa Kisukuma na Kiswahili wasubiri siku moja tu. Mmoja alilala saa nane mchana nikadhani ndiyo mwisho wangu. Kumbe kachoka.

Joséline kanifundisha kwa simu mambo mengine ya 1,009. Kwanza, ndiyo tasa ndogo kuliko zote zenye tarakimu nne. Pili, ukiisoma kinyumenyume unapata 9,001, nayo ni tasa! Tatu, na hili limenimaliza: mstatili haikubali, lakini inakubali miraba miwili. 15 mara 15 ni 225. 28 mara 28 ni 784. Jumlisha: 1,009! Nilimwaga kokoto nyuma ya nyumba nikapanga. Miraba miwili, mdogo na mkubwa, haijapungua wala kuzidi. Nilisimama pale nikaona kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuvipanga kwa mikono yangu. Kuku wakaja wakavuruga. Nimepanga tena.

Kesho Joséline anakuja kushuhudia! Anakuja kwa pikipiki ya Gaspar, maana baba kamwalika bwana mifugo. Si neno. Gaspar ataondoka akijua nani anajua.


Jumamosi, 15 Februari

Niandike yote, hata kama mkono hautaki.

Wazee saba walifika asubuhi. Ngozi zikatandikwa uani. Vibuyu vikashushwa. Baba mwenyewe akapanga kokoto, mafungu manane, moja moja, pole pole. Likabaki moja. Akasema yeye ajitoe, yawe saba. Likabaki moja. Shangazi akatolewa akilalamika, yakawa sita. Likabaki moja! Wazee wakaangaliana. Manyanda akafuta jasho.

Nikasimama. Nikasema ng'ombe hawa wamekataa wenyewe. Nikasema hii si idadi ya kawaida, ina tabia yake, hata waje watu mia haigawanyiki, na sharti la baba linajulikana. Sikutumia neno tasa, maana mbele ya wafugaji neno hilo halisemwi. Nikapanga miraba yangu miwili. Mzee mmoja akasema inapendeza. Joséline alikuwa amekaa na akina mama, ananitazama na macho yanang'aa. Gaspar alikuwa anatazama kucha zake. Ilikuwa saa yangu!

Halafu Joséline akaninong'oneza nilipopita karibu yake. Akauliza kama nimegundua kwamba kwa nane, kwa saba na kwa sita, kila mara anayebaki ni mmoja tu. Nikamwambia ndiyo, si ndiyo uzuri wake? Akasema Kaka Masunga, hebu toa huyo mmoja. Nikamwambia nani atamtoa? Nikarudi katikati ya uwanja.

Baba alikuwa ameshika lile kokoto moja. Akaligeuza kwenye vidole. Kisha akauliza, tena kwa aibu, wageni hawa tangu asubuhi wamekula nini. Michembe, mayu akajibu. Baba akasema wazee wametoka mbali, wamekaa juani, na zizi la Machibya limejaa, wale michembe? Akalitupa kokoto nje ya ngozi, akamwita Manyanda.

Manyanda alikuwa na kisu tayari. Kakinoa tangu Alhamisi! Kila mtu pale alijua atachinjwa mmoja. Hakuna mkutano wa wazee bila nyama, hata mtoto anajua. Mimi nimekula nyama za mikutano hiyo maisha yangu yote, na kwenye hesabu zangu zote sikumweka ng'ombe wa kitoweo.

1,008. Shangazi akarudishwa. Baba akarudi. Nane. 126 kila mmoja, sawasawa kabisa, wazee wakapiga makofi. Baba alilia, akasema sasa anaweza kufa, hakuna mwanawe atakayekaa upande wa pili wa turubai. Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Nyama ilikuwa laini sana.


Jumapili, 16 Februari

Kawajense basi. Mizigo yangu imeletwa na bodaboda mbili. Nimechunga nusu siku na nimepoteza kiatu.

Jana kabla ya kuondoka Joséline alinivuta pembeni. Akasema baba yake, mzee Didace wa Katumba, si mtu wa makuu. Akija mtu wa heshima atamtaka ng'ombe kumi. Akatazama chini, akanitazama, akasema kumi tu. Nikafikiri kidogo nikamwambia kumi si tasa. Akasema ndiyo, si tasa. Akapanda pikipiki. Kila tukikutana lazima anijaribu kidogo, ndiyo tabia ya walimu.

Mayu kanipa nguo safi asubuhi, kasema sasa nina ng'ombe, nimchukue mjomba twende Katumba. Nimepiga hesabu. 126 ukitoa kumi ni 116, ambayo ni nne mara ishirini na tisa. Aibu. Siwezi kuanza maisha ya ndoa na kundi la namna ile. Nimemwambia mayu asubiri.


Jumatano, 19 Februari

KAZAA! Ng'ombe wangu mwenyewe, ndama wangu mwenyewe! 127! Nimejaribu 2, 3, 5, 7, 11. Zote zinabakiza. Tasa!

Na si tasa tu. Chukua mbili, izidishe kwa mbili tena na tena mpaka ziwe mbili saba, unapata 128. Toa moja: 127. Ile kubwa ya tarakimu milioni arobaini na moja imetengenezwa hivyo hivyo, mbili nyingi kisha unatoa moja. Ni ukoo mmoja! Ng'ombe wangu na ile namba ni ndugu! Nimekimbia kuzunguka zizi mara mbili na kiatu kimoja.

Joséline katuma ujumbe. Anasema baba yake anauliza kama kuna watu wanaotoka kwetu kuja, na kwamba kuna watu wengine wameulizia. Nimemjibu kwa furaha. Nimemweleza kwamba sasa nina 127 na siwezi kuiharibu, lakini nikifika 137, ambayo nayo ni tasa, nitatoa kumi na kubaki tena na 127! Tasa kabla, tasa baada! Mtu wa hisabati ataona uzuri wa mpango. Asubiri ndama kumi tu.

Kajibu: Sawa. Neno moja. Nampenda kwa jinsi asivyopoteza maneno.


Jumamosi, 1 Machi

Kija kaja na habari. Gaspar kapeleka ng'ombe kumi Katumba. Mzee Didace kapokea. Harusi ni baada ya Pasaka.

Iliniuma. Naandika hivyo hivyo, iliniuma. Nilikwenda nikakaa na ng'ombe mpaka jua likazama na hakuna aliyenipiga teke. Mayu kaniletea chakula huko huko, ingawa alikuwa na haki ya kunigombeza.

Idadi 129. Tatu mara arobaini na tatu.


Jumamosi, 26 Aprili

Harusi imefanyika! Nimetoka Katumba sasa hivi, nina furaha sijui nianzie wapi.

Wiki nzima nilikuwa na shida. Ndama wamefululiza, nikaamka Jumatatu nina 138. Mbili mara tatu mara ishirini na tatu, uchafu mtupu. Nikitoa mmoja ni 137, lakini roho yangu iko kwenye 127, ule ukoo mkubwa. Ilibidi watoke kumi na moja. Wapi? Na kadi ya mwaliko iko mezani!

Nimeingia ukumbini na ng'ombe kumi na moja. Wageni walisimama. Mzee Didace alishika kichwa. Gaspar mdomo wazi, meno yote nje. Joséline aliwahesabu kwa macho, akanitazama, akaanza kulia, sikuelewa kama ni kwa furaha au vipi, lakini nadhani ni kwa furaha. Kumi na moja ni tasa, na nilichobaki nacho ni tasa. Gaspar kwa muda wote ule alileta kumi, namba inayogawanyika kwa mbili na kwa tano, akaondoka na mke. Mimi nimetoa kumi na moja bila kuombwa.

Tuone sasa nani anajua hisabati!